Ampu ya Mtu Yeyote

David Hafler alifariki mwaka 2003 mjini Philadelphia, Marekani, akiwa na umri wa miaka 84. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni huku Mwala, na kwetu hakuna aliyemlilia. Hakuna aliyemjua. Hata leo ukisimama sokoni uulize Hafler ni nani, utaulizwa anachezea timu gani. Lakini mwaka huu nimemfikiria huyu mzee kuliko ninavyowafikiria watu wengi ninaowajua kwa sura, na sababu yake ni mjomba wangu na macho yake.

Nianze na Hafler mwenyewe. Hakuvumbua amplifaya, na hakuwa wa kwanza kumwambia mtu wa kawaida kwamba anaweza kujijengea moja. Mwaka 1947 Mwingereza D. T. N. Williamson alichapisha mchoro wa amplifaya yake katika jarida la Wireless World, na watu wengi wakaketi mezani na kujaribu. Mwaka 1951 Hafler na mwenzake Herbert Keroes wakaandika makala kuhusu njia waliyoiita ultra-linear. Kwa lugha ya fundi: unatoa waya mmoja zaidi kwenye transfoma ya kutolea sauti, unaurudisha kwenye valvu, na valvu inajirekebisha yenyewe inapofanya kazi. Sauti inatoka safi na nguvu haipotei sana. Hata hiyo njia ilikuwa na baba mwingine. Alan Blumlein, yule yule aliyetupa stereo, alikuwa ameshaichukulia hataza huko Uingereza mwaka 1937. Kwa hivyo tusimvishe Hafler taji lisilo lake.

Lake ni hili. Mwaka 1955 alianzisha kampuni ya Dynaco pamoja na mhandisi Ed Laurent, wakaanza kuuza amplifaya zikiwa vipande ndani ya boksi. Mwaka 1959 wakatoa Stereo 70: valvu nne za EL34, wati 35 kila upande, dola 99.95 kwa anayejiunganishia mwenyewe. Zilinunuliwa zaidi ya 300,000. Na ujanja wake ulikuwa huu: ile bodi ndogo yenye rezista na kapasita nyingi, pale ambapo mgeni angechanganyikiwa, ilikuja ikiwa tayari imeunganishwa kiwandani. Wewe kazi yako ilikuwa kufunga transfoma, kufunga soketi za valvu, kukata nyaya na kulehemu. Pia kulikuwa na kijitabu. Kila hatua ina namba, na kando ya namba kuna mabano matupu ya kutia tiki ukimaliza. Mahali pa kulehemu pamewekewa alama. Mahali pa kungoja kwanza, usilehemu bado, pia pameelezwa.

Nilikisoma hicho kijitabu kwenye simu usiku mmoja, bando ikikaribia kuisha. Nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa, maelezo ya valvu kwa ajili ya makala fulani ya kulipiwa kwa maneno. Makala yenyewe sikumaliza usiku huo. Nilisoma hatua moja baada ya nyingine kama mtu anayesoma hadithi. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, na tangu hapo kila mlango niliobisha umeniuliza karatasi. Sasa hapa kuna mtu, miaka zaidi ya 60 iliyopita, anayeniambia: chukua kipande hiki, kiweke pale, funga skrubu, tia tiki. Haniulizi nimesoma wapi. Hata haonekani kushangaa kwamba nitaweza.

Asubuhi nilienda kwa Mjomba.

Mjomba ni fundi wa redio. Ana kibanda cha mabati hapa Mwala, meza moja, na rafu zilizojaa maiti za vyombo: redio, wufa, TV za mgongo mkubwa, UPS za saiba zilizokufa zamani. Hizo UPS ndizo dhahabu yake, kwa sababu ndani mna transfoma nzito ambayo ukiijua vizuri inakuwa moyo wa amplifaya. Makanisa mengi ya hapa yamewahi kuhubiriwa kupitia mkono wake. Ampu ikiungua Jumamosi jioni, pasta hapigi simu Nairobi, anatuma kijana wa bodaboda kwa Mjomba.

Alijifunza kwa kuangalia. Yeye mwenyewe anasema aliiba, kwa sababu fundi aliyemfunza hakuwa anamfunza. Alikuwa anamtuma maji na chai, na kila palipofika pahali penye siri, mzee yule aligeuza mgongo. "Nilijifunza kutoka kwa mgongo wa mtu," Mjomba huniambia. Anacheka akisema hivyo, lakini si mzaha sana. Ndivyo ufundi mwingi ulivyopita hapa kwetu. Fundi akikuonyesha kila kitu, kesho utafungua kibanda mkabala na chake. Wengine wanakwaruza hata namba zilizoandikwa mgongoni mwa aisii ili ukifungua usijue ni gani uende kununua Luthuli Avenue.

Nilimwonyesha kijitabu cha Stereo 70. Alivaa miwani, akavua, akasogeza simu mbali, akaisogeza karibu. Mwishowe nikamsomea mimi, natafsiri nikiendelea. Nilipotaja kwamba hii ilikuwa hi-fi ya bei nafuu, alinikatiza.

"Haifai?"

"Hi-fi, Mjomba. Sauti safi, inayofanana na ya mtu akiwa hapa."

"Na kama haifai, mbona walinunua?"

Tulicheka. Kisha nikafika pale panapotajwa umeme wa ndani, zaidi ya volti 400, akaacha kucheka. "Hiyo ni ya kuua," alisema. "Na wanampa mtu asiye fundi?" Nikamweleza kwamba kuna maonyo, kwamba kila hatua imepangwa. Alinyamaza kwa muda. Halafu akauliza swali ambalo sijaacha kulifikiria: "Kwani huyu hakuogopa kuibiwa?"

Nadhani aliyaona mambo kwa hesabu nyingine. Mtu akinunua boksi, Hafler amepata pesa yake. Mtu akiunganisha mwenyewe, kiwanda hakilipi mshahara wa kuunganisha, na bei inashuka. Mtu akiharibikiwa, ana mchoro mzima mkononi, atatengeneza. Hakupoteza chochote kwa kutoa siri, kwa sababu alichouza kilikuwa ile imani kwamba unaweza, pamoja na vyuma vyake. Hizo amplifaya bado zinafanya kazi katika nyumba za watu leo. Dynaco iliuzwa na hatimaye ikafa, lakini michoro ilikuwa tayari mikononi mwa umma, na hadi sasa kuna watu wanaotengeneza bodi mpya na transfoma mpya za kuingia mle mle, kwenye matundu yale yale ya skrubu.

Kuna kitu kingine cha Hafler ambacho hakihitaji hata kununua boksi. Wataalamu wanakiita saketi ya Hafler, na kinahitaji spika mbili za ziada na waya kidogo. Amplifaya yako ya stereo ina chanya ya kushoto na chanya ya kulia. Spika za mbele unaziunga kama kawaida. Za nyuma unaziunga zikifuatana, waya mmoja kwenye chanya ya kushoto na mwingine kwenye chanya ya kulia, bila kugusa hasi kabisa. Hapo spika za nyuma hazipigi muziki wote. Zinapiga tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Sauti ya mwimbaji iliyorekodiwa katikati inafanana pande zote mbili, kwa hivyo inajifuta. Kinachobaki ni makofi ya ukumbini, mwangwi, gitaa lililosukumwa pembeni. Ni kama kusikia chumba badala ya wimbo. (Usijaribu kwenye ampu ambayo hasi za pande zote mbili haziko pamoja, au iliyofungwa kwa mtindo wa brij. Uliza fundi kwanza.)

Tuliijaribu kibandani. Mjomba alipata spika mbili kutoka kwa redio ya gari, akaunga, akaweka rekodi ya kwaya. Kwanza alizima za mbele tusikie za nyuma peke yake. Waimbaji walikuwa kama wameenda nje, nyuma ya nyumba, na kinanda kikabaki ndani. Alifurahi kama mtoto. Akasema, sasa weka Kakai.

Kakai Kilonzo na Les Kilimambogo Brothers ni benga ya ujana wake. Ukija Ukambani na umalize siku bila kuwasikia, basi ulikuwa umelala. Nilikuwa nao kwenye memori kadi, nyimbo zilizochukuliwa kutoka sahani za zamani. Tukabonyeza. Mbele zimezimwa. Nyuma: kimya. Gitaa hakuna, besi hakuna, Kakai hayupo. Mjomba akaanza kuvuta nyaya akidhani zimeachana. Halafu tukasikia kitu, chepesi sana: tsk, tsk, krrr, tsk.

Sahani ile ilikuwa ya mono. Kushoto na kulia ni kitu kimoja, kwa hivyo muziki wote ulijifuta wenyewe. Lakini aliyeihamisha kwenye kompyuta alitumia sindano ya stereo, na sindano hiyo ilisoma pia vumbi na mikwaruzo, ambayo hailingani pande zote mbili. Muziki ukaondoka, mikwaruzo ikabaki. Nilimweleza Mjomba. Alisikiliza hadi wimbo ukaisha, kichwa kimeinama.

"Hilo ni vumbi la nyumba ya mtu," akasema. "Mahali walikuwa wanacheza."

Sasa nirudi kwa macho. Mjomba ana mtoto wa jicho pande zote mbili. Amepewa tarehe ya upasuaji, ikaahirishwa, akapewa nyingine. Siku hizi analehemu kwa kukumbuka. Anashika bodi, kidole gumba kinatembea hadi kinapata mguu wa transista, ndipo chuma cha moto kinafuata kidole. Amejiunguza mara nyingi kiasi kwamba hasemi tena ai. Rezista zenye mistari ya rangi hawezi kuzisoma. Anapima na mita na kuniuliza namba. Watoto wake wako Nairobi na Mombasa na hakuna anayetaka kibanda. Siwalaumu. Siku hizi mtu ananunua spika ya Bluetooth ya kubeba mkononi kwa bei ambayo Mjomba hawezi kununulia hata transfoma. Ikifa anatupa, kwa sababu imegundishwa kwa gundi na hakuna skrubu ya kufungulia.

Hili pia lilimpata Hafler, na sitaki kuficha. Mwaka 1977 alianzisha kampuni nyingine, yenye jina lake, akaendelea kuuza vifaa vya kujiunganishia. Mwaka 1987 ikaenda kwa Rockford. Viwanda vilikuwa vimejifunza kuunganisha kwa mashine, vipande vikawa vidogo kuliko punje ya mchele, na akiba ile ya kujiunganishia ikaisha. Heathkit, waliokuwa wakubwa kuliko wote katika biashara hii, waliacha vifaa hivyo mwaka 1992. Kwa hivyo mtu akiniambia "si ununue tu Bluetooth," sina hesabu ya kumshinda. Kwa shilingi, yeye ndiye mwenye haki.

Ila kuna hesabu nyingine. Hapa karibu nasi, ndani ya Mwala hii hii, kuna Wamunyu. Kila mtu anajua vinyago vya Wakamba: twiga, simba, wale wazee wembamba wenye mikuki wanaouzwa hadi uwanja wa ndege. Habari hiyo inaanza na mtu mmoja wa Wamunyu, Mutisya Munge, aliyejifunza uchongaji wa kuuza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akiwa upande ambao leo ni Tanzania. Alirudi nao nyumbani. Ukaenea kwa jamaa na kwa majirani hadi kijiji kizima kikawa kinakula kwa patasi. Hebu fikiria kama ule ufundi ungezikwa naye. Wamunyu ingekuwa stendi tu ya kupita ukienda Kitui.

Uchongaji unaweza kupita kwa macho. Mtoto anakaa chini ya mti, anatazama, anaanza na kijiko. Umeme haupiti hivyo. Ukitazama tu, unaona mtu anagusa waya na waya. Sababu haionekani. Lazima mtu aseme, na mwingine aandike. Na hapo ndipo nilipoona kwamba kazi ninayoijua, hii ya kupanga maneno kwa malipo kidogo, ina mahali pa kwenda.

Tangu Aprili, siku za Jumanne na Alhamisi, naketi kibandani na daftari. Mjomba anasema, mimi naandika. Tumechagua ampu ndogo kuliko zote: aisii moja ya TDA2030, yenye miguu mitano, inayoweza kula umeme wa betri ya gari ya volti 12, kwa sababu hiyo haiui mtu. Haina sifa ya Stereo 70. Ila inatoa sauti safi ya kujaza chumba, vipande vyake unavipata Luthuli hata kwa kutuma matatu, na ikiungua umepoteza pesa ya chapati chache.

Ugumu sio umeme. Ugumu ni kwamba mkono wa Mjomba unajua vitu ambavyo mdomo wake haujawahi kusema. Nikimuuliza unajuaje lehemu imeshika, anasema, "Inang'aa, halafu inatulia." Inatulia vipi? Tulikaa nusu saa kwenye neno hilo. Mwishowe tukaandika: lehemu ikishika inapanda mguuni na kutengeneza umbo la kichuguu kidogo, ikikaa kama tone la maji juu ya jani, rudia.

Nimeandika pia mambo ambayo sijayaona kwenye kitabu chochote cha Kiswahili. Kujua chanya ya spika isiyo na alama: gusisha betri ndogo ya saa, koni ikiruka nje basi waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya. Kujua kama ampu inasikia: gusa waya wa kuingizia sauti kwa kidole chenye unyevu, ikinguruma iko hai. Na ile taa yake. Ampu ya stima iliyotoka kutengenezwa haichomekwi moja kwa moja. Inapitishiwa kwenye balbu ya wati 100 ya zamani, ile ya uzi, zikifuatana. Balbu ikiwaka kidogo na kufifia, salama. Ikiwaka kwa nguvu kama imekasirika, kuna shoti, na balbu imebeba adhabu ambayo ingebebwa na transista zako. Balbu za LED haziwezi kazi hiyo, na zile za uzi zinapotea madukani. Mjomba amehifadhi tisa ndani ya kopo la Kasuku, zimefungwa kwa magazeti. Anazihesabu.

Siku moja nilimuuliza lile swali lake mwenyewe: wewe huogopi kuibiwa?

Alifikiri. "Kijana, mwizi aje basi," akasema. "Nimengoja hapa miaka mingi."

Msichana wa Kidato cha Pili, jirani, ndiye wa kwanza kujaribu kurasa zetu. Tulikubaliana tusimsaidie kwa neno, asome tu. Alikwama hatua ya saba, na kumbe hatua ya saba niliandika kwa Kiswahili cha mtihani, sentensi ndefu yenye "ambapo" mbili. Mjomba akaniangalia akisikia kicheko chake. Tukaikata mara tatu. Alipofika hatua ya 23 aliunga betri, akagusa kidole, na spika ikanguruma, na Mjomba akasema "Aya!" kabla sisi wawili hatujapumua. Akaipiga redio kidogo, Musyi FM, kisha akaizima akaanza kuuliza: na nikitaka mbili, kushoto na kulia?

Hilo liko hatua ya 24 kuendelea, na bado hatujaziandika. Kurasa za kwanza nitazitoa bure, mtu azichape, azitume WhatsApp, abadilishe anachotaka. Mwanzo uko hivi, na mabano nimeyaacha wazi makusudi:

1 (   ) Panga vipande vyote juu ya kitambaa cheupe, uvihesabu. Kama kimoja kinakosa, usianze.

2 (   ) Shika aisii, maandishi yakikutazama, miguu ikiangalia chini. Mguu wa kwanza ni ule wa kushoto kwako.